Mahakama ya Madai Madogo nchini Kenya: Tathmini ya Seremala Aliyedai Mwenyewe bila Wakili

Nimeendesha karakana ya useremala katika mji mmoja wa Pwani kwa miaka kumi na mmoja, na muda wote huo nilikuwa na njia moja tu ya kudai madeni: nilipiga simu, nikaenda mwenyewe, nikamtuma mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, na hayo yakishindikana nikamwachia Mungu. Njia hiyo ilifika mwisho wakati mwenye mkahawa mmoja alipochukua meza na viti vya shilingi 486,000, akanilipa 200,000 za kuanzia kazi, kisha akaninyima zilizobaki kwa muda wa miezi saba. Shilingi 286,000 ni mbao za miezi miwili na mishahara ya vijana watatu, kwa hiyo sikuwa na uwezo wa kusamehe. Nilifungua dai katika Mahakama ya Madai Madogo, nikasimama mwenyewe mbele ya mwamuzi, na tangu siku hiyo mafundi wenzangu hawaishi kuniuliza jinsi mambo yanavyokwenda huko. Ninaitathmini hapa kama ninavyoweza kuitathmini huduma yoyote ambayo mwananchi huilipia ada na kuipangia siku za kazi.

Mahakama hii iliundwa na sheria ya mwaka 2016, lakini ilianza kufanya kazi tarehe 26 Aprili 2021 katika mahakama za biashara za Milimani, Nairobi, kisha ikaenezwa katika miji mingine mingi, Mombasa ikiwemo. Sheria ya mwanzo iliweka kikomo cha shilingi 200,000, kiasi ambacho kingewaacha nje wengi wa wafanyabiashara wa kiwango changu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalikipandisha hadi shilingi milioni moja na yakaweka sharti kwamba dai lisikilizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, naye ni mwanasheria mwenye uzoefu. Wengi tuliokuwa kwenye kile chumba tulimwita Mheshimiwa, kama anavyoitwa hakimu yeyote, na ni vyema iwe hivyo.

Jambo la kwanza ambalo ningependa kila mtu alifahamu kabla hajapanda gari kwenda mahakamani ni kwamba si kila ugomvi wa pesa ndogo ni wa mahakama hii. Inapokea madai ya mikataba ya kuuza bidhaa au kutoa huduma, pesa zilizoshikwa na mtu asiye na haki nazo, uharibifu wa mali, kurudishiwa mali inayohamishika, na fidia ya majeraha ya mwili. Haipokei ugomvi wa umiliki wa ardhi, haipokei kesi za kuchafuliwa jina, na haipokei malalamiko ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake, ambayo yana mahakama yake ya ajira. Wakati nikisubiri kaunta nilikutana na kijana aliyekuwa amekuja kudai mishahara ya miezi minne, akiwa na karatasi zake zote safi ndani ya bahasha, na ilibidi aelekezwe kwingine. Mwenye duka anayegombana na mwenye jengo juu ya kodi naye ana baraza lake maalumu la majengo ya biashara. Kwetu Pwani huongezeka swali la Kadhi: Kadhi huamua mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake, na deni la viti vya mkahawa halimhusu, hata kama mdai na mdaiwa husali msikiti mmoja.

Swali jingine ninaloulizwa sana ni kwa nini sikwenda polisi. Nilishauriwa hivyo na watu wenye nia njema, na ninakubali kwamba mdaiwa akiitwa kituoni huweza kuingiwa na hofu akalipa kitu. Hata hivyo, kutolipa deni la biashara peke yake si jinai. Polisi hawana mamlaka ya kuamua nani anamdai nani, na mdai anayemtisha mwenzake kwa pingu anaweza kujikuta yeye ndiye anayejieleza. Chifu kadhalika anaweza kuwaita na kuwapatanisha, na upatanisho wake ukifanikiwa ni jambo la heri lisilo na gharama, lakini hawezi kutoa hukumu ambayo dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya mdaiwa, ataitekeleza.

Sasa nije kwenye maandalizi, ambako kwa maoni yangu ndiko kesi huamuliwa, hata kama mwamuzi hajaiona. Nilianza na barua ya madai. Niliandika mwenyewe, ukurasa mmoja, nikataja tarehe ya makubaliano, idadi ya meza na viti, kiasi kilicholipwa, kiasi kilichobaki, na siku 14 za kulipa kabla sijafungua kesi, kisha nikaipeleka kwa mkono na nikamtaka anayeipokea atie sahihi kwenye nakala yangu. Wapo wanaoidharau barua hii wakiona ni adabu ya bure, lakini inafanya kazi mbili: inampa mdaiwa nafasi ya kulipa bila aibu, na inamwonyesha mwamuzi kwamba hukukurupuka. Asiyeipeleka anaweza kushinda kesi na bado akanyimwa gharama zake, kwa kuwa mdaiwa atasema angelipa kama angeombwa.

Baada ya barua nilitandaza mezani kila nilichokuwa nacho, na hapo nikauona udhaifu wangu. Makubaliano yetu yalikuwa ya maneno, yakafuatwa na ujumbe wa WhatsApp wenye bei, picha za michoro na tarehe za kufikisha mzigo. Malipo ya kuanzia yalipita kwa M-Pesa na kwa benki, kwa hiyo ushahidi wake ulikuwa imara. Mzigo wa kwanza ulipokelewa na msimamizi wa mkahawa akatia sahihi. Mzigo wa pili, wenye viti 18, vijana wangu waliushusha usiku wakaondoka bila sahihi ya mtu yeyote. Kosa hilo dogo lilinigharimu karibu nusu ya muda wa kusikilizwa kwangu, kwa sababu wakili wa upande wa pili alisema viti hivyo havikufika kabisa, na ilibidi nimlete dereva wa kirikuu atoe ushahidi. Fundi anayesoma haya, ikiwa hana karatasi ya kupokelea mzigo yenye nafasi ya jina, sahihi na tarehe, aichapishe leo.

Kuhusu ujumbe wa simu, sheria ya ushahidi ya Kenya huzikubali kumbukumbu za kielektroniki, na huzitaka ziambatane na cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilichozitoa na nani aliyezichapisha. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na pengine ningepita bila cheti, lakini nilikiandaa kwa ushauri wa binti wa dada yangu aliyesomea sheria, na wakili wa mdaiwa alipoanza kuuliza uhalali wa zile kurasa, mwamuzi alikitazama kile cheti akamwambia aendelee na swali lake linalofuata. Ni karatasi moja iliyonikinga na mabishano ya saa nzima.

Kufungua dai hufanyika kwa mtandao, kupitia mfumo wa Idara ya Mahakama ambao ulianza Nairobi Julai 2020 na kuenea nchi nzima mwaka 2024. Unajisajili kwa kitambulisho na barua pepe, unajaza dai, unapakia nyaraka zako, mfumo unakukadiria ada, unalipa kwa simu na unapewa namba ya kesi. Mtu aliyezoea kujaza fomu za serikali kwa mtandao ataweza. Asiyezoea atakwenda kwenye duka la huduma za kompyuta, na hapo ninamsihi asiruhusu mwenye duka kutumia barua pepe ya duka, kwa sababu taarifa zote za kesi zitatumwa huko naye hatazipata. Mimi nilikwama kwenye ukubwa wa nyaraka, nikaenda kwenye kaunta ya huduma, na karani wa makamo akanisaidia kwa subira ambayo sikuitarajia. Aliniambia, "Mwanangu, dai lako liandike kama unavyomweleza jirani: mlikubaliana nini, ulitoa nini, alitoa nini, unataka nini. Maneno mazito waachie mawakili." Ushauri huo una thamani kuliko vielelezo vingi nilivyosoma.

Jambo lililonisikitisha katika hatua hii ni lugha. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na mahakama za chini zinaruhusiwa kwa sheria kuendesha mambo yake kwa Kiswahili. Nilipokuwa mbele ya mwamuzi niliomba kuzungumza Kiswahili, nikakubaliwa mara moja, na kikao chote kikaendeshwa kwa lugha ninayoota nayo ndoto. Lakini fomu niliyojaza ilikuwa ya Kiingereza, wito uliompelekea mdaiwa ulikuwa wa Kiingereza, na hukumu niliyosomewa kwa ufafanuzi mzuri wa Kiswahili niliikabidhiwa kwa Kiingereza. Mahakama iliyoundwa ili mwananchi asimame mwenyewe haijamaliza kazi yake ikiwa mwananchi huyo anahitaji mkalimani ili asome karatasi yenye jina lake. Ninaliona hili kuwa pungufu kubwa kuliko yote katika huduma hii, na halihitaji jengo jipya wala bajeti kubwa kurekebishwa.

Wito ulipelekwa na mpeleka hati mwenye leseni, ambaye nilimlipa, naye akarudi na kuapa hati ya kiapo inayoeleza siku, saa na mahali alipoukabidhi. Tangu marekebisho ya kanuni ya mwaka 2020 wito unaweza pia kupelekwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, mradi ionyeshwe kwamba anwani au namba hiyo ndiyo anayoitumia mdaiwa. Mimi nilichagua mkono kwa mkono, kwa sababu mtu aliyekukimbia miezi saba hashindwi kusema simu yake ilizimika. Hatua hii isidharauliwe. Kesi nyingi zinazoonekana kwenda haraka kwa kuwa mdaiwa hakufika huja kurudishwa nyuma mdaiwa anapoomba hukumu itenguliwe kwa hoja kwamba hakupata wito, na hati ya kiapo iliyoandikwa ovyo humpa ushindi.

Nimeulizwa kama ilikuwa busara kwenda bila wakili. Jibu langu ni kwamba kwa deni lenye ushahidi wa maandishi, ndiyo. Kwa ajali yenye mvunjiko wa mfupa, ripoti za daktari na kampuni ya bima upande wa pili, ningetafuta wakili. Mdaiwa wangu alikuja na wakili wake. Siku ya kwanza wakili huyo aliweka pingamizi la awali, akidai kwamba nilikuwa nimeandika jina la mkahawa badala ya jina la kampuni inayoumiliki, na kwa hiyo dai zima lifutwe. Nilijihisi nimezama. Mwamuzi aliniuliza kama naomba kurekebisha jina, nikasema naomba, akaliruhusu akitaja kifungu cha 159 cha Katiba, kinachotaka haki itendwe bila kuzidiwa na mambo ya utaratibu. Nilijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mwamuzi mzuri humkinga mtu asiye na wakili bila kumpendelea, na kwamba kabla ya kumshtaki mtu wa biashara ni lazima utafute kwenye usajili jina halisi la mwenye biashara hiyo. Ningelitafuta mapema, nisingeitia kesi yangu hatarini kwa neno moja.

Kabla ya kusikilizwa tuliulizwa kama tungependa kuelewana nje ya mahakama, na sheria inaruhusu hilo pande zote zikikubali. Tulipewa muda, tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mwenye mkahawa akanipa ofa ya shilingi 100,000 na tumalizane. Nilikataa. Sijutii, ingawa nawaheshimu wanaokubali, kwa maana yule mama aliyekuwa na kesi kabla yangu alikubali kulipwa robo tatu ya deni lake siku hiyohiyo, akatoka akiwa na makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa muhuri wa mahakama, ambayo yana nguvu sawa na hukumu. Upatanishi chini ya mahakama, ambao ulianza kwa majaribio Milimani mwaka 2016, nao umejengwa juu ya wazo hilo. Anayedai akiwa na ushahidi nusunusu aufikirie kwa uzito.

Kusikilizwa kwenyewe kulichukua siku mbili. Sheria inataka kesi isikilizwe na kumalizwa siku hiyohiyo, au iendelee siku baada ya siku, na uahirishaji usizidi mara tatu, tena kwa sababu za dharura zinazoandikwa. Kwangu iliahirishwa mara moja, kwa juma moja, ili dereva wangu apatikane. Nilieleza dai langu, nikaulizwa maswali na wakili, nikamuuliza maswali mwenye mkahawa, jambo ambalo lilinitia hofu kuliko yote na ambalo lilikuwa rahisi kuliko yote, kwa kuwa nilikuwa nimeandika maswali matano tu: uliagiza? ulipokea? ulilipa kiasi gani? uliwahi kuniandikia kulalamika kabla ya barua yangu ya madai? viti hivyo viko wapi sasa? Alijibu la mwisho kwamba vinatumika, na nilikaa chini.

Mdaiwa naye alileta dai lake dhidi yangu, akisema viti vinane vilikuwa na miguu iliyolegea na anataka shilingi 64,000. Mahakama inaruhusu madai ya aina hiyo yasikilizwe pamoja, na ni haki iwe hivyo. Alileta picha, na picha za viti vitatu zilionyesha kosa la gundi ambalo mimi kama fundi sikuweza kulikana kwa dhamiri safi. Nilisema hivyo mbele ya mwamuzi. Hukumu ilitolewa siku ya tatu baada ya kumaliza kusikilizwa, kama sheria inavyotaka, na ilikuwa siku ya 51 tangu nifungue dai: nilipewa shilingi 286,000 nikatolewa 24,000 za vile viti vitatu, zikabaki 262,000, na juu yake shilingi 9,500 za gharama nilizothibitisha kwa risiti, ambazo zilikuwa ada ya mahakama, malipo ya mpeleka hati, uchapishaji na nauli ya shahidi. Sikudai riba kwa sababu ya dini yangu, na hakuna aliyenilazimisha. Anayeitaka aiandike kwenye dai lake tangu mwanzo, kwa sababu mahakama humpa mtu kile alichokiomba.

Siku 51 kwa kesi ambayo mahakama ya kawaida ingeweza kuizungusha miaka ni jambo ninalolisifu bila kusita. Ningeomba tu msomaji afahamu kwamba kikomo cha siku 60 kimeleta utata wake. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana juu ya hatima ya hukumu iliyochelewa: wapo walioamua kwamba mwamuzi akipitisha siku 60 hana tena mamlaka na hukumu yake ni batili, na wapo waliosema kwamba mwananchi asiadhibiwe kwa kuchelewa kwa mahakama. Kwa mdai maana yake ni moja, nayo ni kwamba usiwe wewe wa kuomba kuahirishiwa, na ikiwa kalenda inakimbia, simama ukumbushe kwa heshima. Rufaa nayo huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake, na uamuzi wa huko ni wa mwisho, kwa hiyo yeyote anayetaka kubishania ukweli wa mambo, kama vile viti vilifika au havikufika, abishane kikamilifu mbele ya mwamuzi.

Nimefika mahali ambapo sifa zangu zinapungua. Nilitoka na hukumu mkononi nikidhani nimelipwa. Zilipita siku 30 na simu ya mdaiwa haikuita. Mahakama haimfuati mdaiwa kwa ajili yako. Ni wewe unayerudi kuomba utekelezaji, unalipa ada nyingine, unapata hati ya kukamata mali, na unamkabidhi dalali wa mahakama. Dalali huenda akaorodhesha mali na kumpa mdaiwa notisi ya siku 7 ya kulipa kabla mali haijachukuliwa. Ipo pia njia ya kuiomba mahakama izuie pesa za mdaiwa zilizo benki au zilizo kwa mtu anayedaiwa naye, na hii ingenifaa zaidi kama ningeijua mapema, kwa kuwa namba ya akaunti aliyonilipia ilikuwa kwenye karatasi zangu muda wote. Yapo mambo ambayo sheria hairuhusu yaguswe: nguo za mdaiwa na za familia yake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hatengani nayo, na zana anazozihitaji kwa kazi yake. Ninaunga mkono ulinzi huo kwa moyo wote, maana mimi mwenyewe siku moja naweza kuwa mdaiwa, na randa yangu ikichukuliwa sitalipa chochote milele. Kuhusu jela, mdaiwa wa deni la madai hafungwi kwa sababu ya umaskini. Ni lazima ionekane kwamba ana uwezo na anakataa, au anaficha mali.

Hatua hii ilinichukua muda mrefu kuliko kesi yenyewe, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoieleza mahakama hii kama dawa ya madeni yote. Sheria imeweka saa juu ya kusikiliza na haikuweka saa kama hiyo juu ya kulipwa. Ningependa kuona mdaiwa akitakiwa, siku ileile ya hukumu na mbele ya mwamuzi yuleyule, aeleze atalipa lini na kwa mali gani, badala ya mdai kuanza safari mpya na dalali anayelipwa kwa kiwango ambacho mtu wa kawaida hakifahamu hadi ankara imfikie. Wangu alinieleza viwango vyake nilipouliza, lakini ilibidi niulize.

Kwa hiyo, kwa fundi mwenzangu anayetaka kujua kama aende: aende akiwa na karatasi, akijua jina kamili la anayemdai, akijua mali yake iko wapi, na akifahamu kwamba deni la mkataba lina miaka sita kabla halijafungiwa mlango na sheria, na madai ya uharibifu au majeraha yana miaka mitatu. Mwenye deni linalozidi milioni moja afahamu kwamba kanuni za jumla za madai hazimruhusu kuligawa vipande ili aingie kwa milango miwili. Anaweza kuiacha sehemu inayozidi, lakini akiiacha hataidai tena. Asiye na uwezo wa kusoma nyaraka hizi peke yake anaweza kutafuta msaada wa sheria usio na malipo. Kituo Cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, kimewasaidia watu wengi wanaojiwakilisha, na serikali nayo ina huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Nisingempeleka huko mtu anayemdai ndugu yake au jirani wa ukuta mmoja kabla hawajakalishwa na wazee, kwa sababu baada ya hukumu bado mtakutana kwenye harusi na matanga.

Dalali alipoorodhesha majokofu mawili na mashine ya kahawa, mwenye mkahawa alinipigia simu usiku huohuo, akaniita Bwana Fundi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaomba kulipa kwa awamu. Tuliandika makubaliano, tukayawasilisha mahakamani, na mpaka leo amelipa awamu nne za shilingi 50,000 kila moja. Zimebaki 71,500. Viti vitatu vyenye kasoro nilivifuata mwenyewe kwa kirikuu, nikavifungua miguu, nikavitia gundi upya na skrubu, na nikavirudisha mkahawani vikiwa na karatasi ya kupokelea mzigo, ambayo msimamizi aliitia sahihi, jina na tarehe.